Dada, Mama Mbuni Ana Sauti Yako

Darmi anaingia kwenye TV! Darmi wangu! Katuni kabisa, ya kuonyeshwa Kenya nzima, na yule Mama Mbuni anayefukuza wanyama wenzake kisimani ni yeye anayemsemea, na sauti aliyompa ni yako, Habiba. Yako wewe. Hata ile ya kupitia puani hakuiacha.

Haya, sasa salamu. Asalaam aleikum, mpendwa dada yangu. Mimi ni mdogo wako Kabale, kama umesahau. Naandika hapa kwenye grupu ya familia, mbele ya watu wote, kwa sababu simu zangu hushiki, na nikikutumia ujumbe peke yako naona zile alama mbili za buluu halafu kimya, mwaka baada ya mwaka. Basi wote wasome. Mimi nilifika darasa la tano peke yake, mtanisamehe herufi, lakini ya kusema ninayo, na leo siongei kwa sauti ndogo.

Wacha nijisifu kwanza, nitafika kwako. Kwenye plot yetu hapa Bulla Pesa, Isiolo, tuko vyumba kumi na viwili na hakuna mlango sijaugonga kutangaza. Mwenye plot, yule mzee aliyekuwa akinipita kama mtu anapita jiwe, juzi ameniita Mama Darmi mara tatu kabla afike kwa geti, na ameahidi kutoa TV yake mpya, ile bapa kama sinia, tuiweke uani siku ya katuni. Baba Darmi anashuka kutoka kwetu Merti, ngamia ameachia ndugu yake. Msichana wa miaka kumi na miwili, dada! Watoto wako walibebwa na basi la manjano mpaka shule ya karo, wakanunuliwa vitabu vya picha vinavyong'aa kama kioo. Ni wangapi wako kwenye TV? Nauliza tu. Si lazima ujibu, umezoea kutojibu.

Unakumbuka ile TV yako ya kwanza? Mimi naikumbuka kuliko harusi yangu. Ilikuwa na mgongo mrefu kama ng'ombe aliyelala, umeifunika kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na juu ya kitambaa umeweka maua ya plastiki ambayo nilikuwa nayaosha kila Ijumaa. Mwaka ule ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wetu wote, nikashuka Isiolo na Darmi mgongoni, na wewe ukanipokea. Hilo sitalikana. Ulinipa chai ya maziwa mengi, ukanipa dera lako la zamani, ukanishika uso kwa mikono miwili ukasema, "Umekonda, mdogo wangu." Kesho yake asubuhi ukanipa beseni la nguo. Jikoni nikawa dada yako. Sebuleni, wageni wakija, nikawa "huyu wa kufua."

Sasa rimoti. Yusuf wako alikuwa na miaka saba, na ni yeye aliyeiangusha ndani ya jagi la chai. Ikafa. Vidude vya kubonyeza vilikuwa ubavuni mwa TV, upande wa ukutani, mahali mkono wa mtu mzima haupiti vizuri. Mkono wa mtoto wa miaka mitatu unapita. Ukaniambia, "Kabale, huyu wako si anakaa tu? Muweke pale awe anabonyeza." Tukamwekea kibao cha kukalia kati ya TV na ukuta. Watoto wako kwenye zulia, wangu nyuma.

"Remoti, ongeza!"

"Remoti, geuza, hii ni ya watoto wachanga!"

Yusuf akachukua kijiko cha chai, kikawa ndio rimoti yenyewe. Akimwelekezea kijiko na kukikandamiza kwa kidole gumba, Darmi anabonyeza huko nyuma. Na akichoka na maswali ya mtoto, maana Darmi alikuwa anauliza sana, "Sasa amefanya nini? Ameanguka? Nani amelia?", alikuwa anamwelekezea kijiko mdomoni. "Remoti, zima!" Na Darmi anazima. Ananyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, mpaka awashwe tena.

Mlikuwa mnacheka. Nami uani, mikono kwenye sabuni, nilikuwa nacheka. Nikimwita aje kula nilimwita Remoti. Mimi, mamake. Usidhani nimekuja kutangaza yako nifiche yangu.

Miaka miwili, dada, mtoto alisikiliza katuni kila siku na hakuona hata moja. Mgongo wa ile TV ulikuwa unatoa joto kama jiko, akatoka upele shingoni, nikampaka mafuta, nikamrudisha. Kuna siku alijipenyeza mbele, kwenye kona ya zulia tu, na wewe ukatokea chumbani: "Wewe! Toka hapo, unanizibia!" Hukuwa unatazama hata. Ulikuwa unapita kwenda kuchukua mkoba. Nikaja mbio nikamfinya mkono. "Rudi mahali pako, mjinga wewe, unataka tulale wapi?" Alama ya kucha zangu ilikaa siku tatu.

Asubuhi moja watoto walikuwa shule na wewe umeenda kwa fundi wa nguo. Nilikuwa napiga deki sebuleni, TV imewashwa, katuni ile ya sungura na mzee tembo. Nikaona leo ndiyo siku ya mwanangu. Nikamtoa nyuma, nikamkalisha kwenye kochi lako, ndio, lile la kitambaa cheupe, nikamwambia, "Tazama sasa, ona marafiki zako." Akatazama. Akaanza kulia. Si kulia kwa kudeka, ni kulia kwa mtu amefiwa. "Huyu si yeye," akasema. "Mama, huyu si yeye." Kumbe ile sauti nzito ya tembo yeye alikuwa ameitengenezea mtu wake kichwani, mzee mrefu mwembamba wa ndevu, kama babu yetu. Na sungura alikuwa msichana. Akashuka kwenye kochi mwenyewe, akarudi nyuma ya TV, akaketi kwenye kibao chake na kufunga macho. "Huku ndiko waliko," akaniambia.

Nilifuta kochi usijue mtu amekalia.

Lakini kule nyuma alikuwa anavuna. Nikimbeba jioni kurudi chumbani kwangu alikuwa ananitolea katuni nzima sikioni: mlango ukifunga, mvua, sungura akikimbia, wimbo wa kuhesabu mpaka ishirini, tembo akikohoa. Kiswahili kile cha katuni, kilichopigwa pasi, sijui hata mimi kukisema. "Tafadhali naomba unisaidie." Nani anasema hivyo Bulla Pesa? Watu wa kisimani walikuwa wanamwita mtoto wa redio. Na si katuni peke yake ilipita masikioni mwake. Ile kona ilikuwa karibu na dirisha, na pale dirishani ndipo ulipokuwa ukisimama kuongea na simu, ukidhani huko nyuma kuna rimoti tu.

Tufike Idd ile. Najua hutaki. Tufike.

Mama mkwe wako alikuja na binti zake wote, wenye malori, wenye dhahabu ya shingoni, na wewe ulikuwa umepika tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyepika, lakini tuseme wewe. Watu wameshiba, Yusuf anataka kuonyesha binamu zake kitu chake. Akachukua kijiko. "Remoti, weka katuni!" Darmi akatoka nyuma ya TV, akasimama katikati ya zulia, akaweka sungura. Wakacheka. Akaweka tembo. Mama mkwe wako akafuta machozi kwa ushungi, akampa biskuti. "Remoti, weka Mama!" akasema Yusuf. Na Darmi akakuweka wewe. "Yusuf! Viatu! Zulia hili umeninunulia wewe?" Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Hata wewe ulicheka, nilikuona, ulijifunika mdomo.

Mtoto wa miaka mitano akichekewa atasimama wapi? Akaendelea. Akaweka mkono kiunoni, akashika sikio kama mwenye simu, akageukia dirisha.

"Huyu mama mkwe anakuja tena Idd. Anakula kama ng'ombe wa kiangazi, halafu ati nyama haina chumvi. Wallahi nimechoka. Na Kabale nimemchukua kwa huruma tu, hata sufuria hajui kusugua. Kama si damu ningekuwa nimemfukuza zamani."

Nilikuwa mlangoni na birika.

Ukamuuliza, "Nani amekufundisha maneno hayo?" Akakujibu kwa ile ile sauti yako, maana hakuwa amezimwa bado: "Wewe, Anti."

Ulimpiga kofi moja. La pili nililipiga mimi. Hilo hakuna mtu kwenye grupu analijua, basi leo wajue. Niliweka birika chini, nikavuka zulia, nikampiga mwanangu shavu la upande wa pili ili wewe uone niko upande wako. Nilidhani kofi langu litaniwekea kazi. Ukasema, "Toka, wewe na hicho kitu chako, na msirudi." Kitu. Nikatoka na dera lako mwilini, na nikabeba kile kibao cha Darmi kwapani. Mpaka leo sijui kwa nini nilikibeba. Mwezi haukuisha mkahamia Nairobi na shemeji, na nikasikia umemwambia kila mtu kwamba nilimfundisha mtoto maneno ya kukuaibisha. Maneno hayo yalikuwa yako, dada. Katuni haijitungii maneno.

Darmi akazima.

Nasema kweli, alizima. Mvua zikaja, zikaenda, neno hakuna. Anaonyesha kwa kidole maji, anaonyesha kwa kidole chapati. Nikamwita bubu. Nikamtikisa mabega. Nikamwambia, "Kwa watu ulikuwa na mdomo, kwangu ndio huna?" Mama mwenye kiburi kama mimi akikosa mtu wa kumlaumu humlaumu aliye karibu.

Nikampeleka nasari ili nipate kwenda kuuza maziwa ya ngamia, sikumpeleka kwa sababu nyingine. Mwalimu wake alikuwa Mmeru mmoja mfupi, Mwalimu Nkatha, mwenye mikono ya chaki hadi kiwiko. Wiki ya tatu akaniita. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe alikuwa amepiga magoti mbele ya Darmi siku hiyo akamuuliza taratibu, "Mbona huongei, mama?" Na Darmi akamwambia kwa kunong'ona, "Nilizimwa."

"Nani anakuwasha?"

"Yusuf. Ana kijiko."

Mwalimu Nkatha hakucheka. Nasema hivi kwa sababu sisi wote tungecheka. Alienda jikoni kwa mpishi wa shule, akarudi na kile kijiko kikubwa cha kukorogea uji, bado kinatiririka, akamwelekezea Darmi na akakibonyeza kwa kidole gumba. Darmi akafungua mdomo, na yote yakatoka. Sungura, tembo, kuhesabu mpaka ishirini, herufi zote na nyimbo zake, miezi na misimu. Watoto wakaacha uji wakaja kusikiliza.

Kisha mwalimu akamletea kadi za rangi. "Zambarau ni ipi?" Darmi alikuwa anaijua zambarau, alikuwa na wimbo wake mzima na sauti mbili, lakini kwenye kadi alishika kijani. "Duara ni nini?" Akasema duara ni mnyama anayebingirika akiwa na furaha. Maana kwenye katuni alisikia duara linabingirika, watoto wanashangilia. Pembetatu alidhani ni ng'ombe. Pembe tatu, si ni ng'ombe mwenye moja zaidi? Mwalimu akaniambia, "Mama Darmi, huyu mtoto anajua kila kitu na hajaona kitu." Nililia barabarani mpaka maziwa yakanichachia. Halafu nikamfundisha. Mimi wa darasa la tano. Tukatembea Isiolo yote: hii leso ni zambarau, hii sufuria mdomo wake ni duara, ona pembetatu pale kwenye paa la msikiti wa kina fulani. Akawa anagusa kila kitu kwa kidole na kusema jina lake kwa sauti ya sungura. Leo ni nambari moja gredi ya sita. Nambari moja, nimesema. Nirudie?

Nambari moja.

Sasa hawa watu wa katuni. Walikuja mwaka huu na tarakilishi zao, wanatafuta watoto wa kaskazini wenye sauti, hadithi ni ya wanyama na kisima kimoja wakati wa ukame. Watoto wa shule tatu wakapanga foleni. Kila mtoto anaonyeshwa picha inayocheza bila sauti, anaambiwa amsemee mnyama. Darmi akafika, akageuza kiti, akawapa mgongo. Wenzake wakamzomea. Yule mama mkubwa wa hiyo kazi akamwambia, "Geuka utazame, mrembo, si unatakiwa uone mdomo wake?" Darmi akajibu, "Nikiona nasahau. Niambieni tu anataka nini." Wakamwambia: huyu ni mbuni, ana watoto wengi, amefika kisimani wa kwanza na hataki mwingine anywe.

Alifunga macho. "Wewe! Toka hapo, unanizibia! Umenawa miguu? Hiki kisima umenichimbia wewe?"

Waliangukiana, dada. Mmoja alitoka nje kucheka. Wakamuuliza sauti hiyo ameitoa wapi, akasema, kwa fahari kabisa, "Ni ya Anti yangu."

Wiki iliyopita walinitumia kipande kwenye simu nisikie. Nilikuwa nimeketi naokota mawe kwenye mchele. Nikabonyeza, ukaongea. Na mimi, mwanamke mzima, mwenye kibanda changu cha maziwa na wateja wangu, niliinuka, nikajikuta nimeshika ufagio. Nilisimama nao katikati ya chumba changu mwenyewe natafuta mahali palipo pachafu. Darmi aliniona. Alininyang'anya ufagio polepole akaurudisha kwenye kona.

Hapo ndipo nilipokukumbuka vingine, na hiyo ndiyo sababu naandika, hayo mengine yote yalikuwa ya kupunguza uzito wa moyo.

Nilikumbuka Merti, mwaka macho yangu yalipougua. Nilifungwa kitambaa, nikalala ndani wiki mbili, na mama alikuwa mtoni na kila mtu ana kazi. Wewe ulikuwa unakuja kuketi nje, upande wa pili wa mkeka wa ukuta, unaniletea sauti. Mbuzi mchanga aliyepotea anamtafuta mamake, mpaka nikakuomba umpate haraka kwa sababu nilikuwa nalia chini ya kitambaa. Lori limekwama kwenye mchanga wa lugga, ule mto mkavu, linanguruma, wanaume wanapiga kelele, "Mawe! Wekeni mawe!" Na yule mke wa mwenye duka aliyekuwa akitufukuza barazani. Unamkumbuka? Mnene, wa puani. "Toka hapo, unanizibia mlango! Umenawa miguu?" Nilicheka mpaka usaha ukatoka machoni. Ulikuwa TV yangu, Habiba, kabla sisi wawili hatujajua TV ni nini. Sikukuona, nilikusikia tu, na nilikuwa najua kila kitu.

Ile sauti Darmi aliyokuchukulia si yako. Ni ya yule mke wa duka. Ulimwiga kunichekesha, ukamwiga, ukamwiga, mpaka ukaolewa kwenye nyumba ya mawe ukamwingia ukakaa.

Ungedhani nafurahi kukuambia hivyo. Nafurahi, ndio. Lakini juzi kitoto cha jirani kilikuwa kimekaa mlangoni petu kinachezea kifuniko cha sufuria, na nikasikia huko ndani: "Wewe! Toka hapo, unanizibia!" Nikadhani Darmi anafanya mazoezi. Nikachungulia. Hakuwa anafanya mazoezi. Alikuwa amebeba ndoo, amekasirika, anataka kupita. Na kile kitoto kilitoka kikajibanza ukutani, mdomo wazi, bila kulia, vile vile wa Darmi ulivyokuwa wazi akizimwa na Yusuf. Darmi hakugeuka hata kukitazama. Alikuwa anapita tu.

Nikasema huyu mke wa duka ametoka Merti, amekaa kwako, sasa anatafuta chumba kwangu.

Kwa sababu Darmi ana sauti yako hiyo moja tu. Zile zingine hakuzisikia. Miaka miwili aliketi mita moja kutoka kwako na hukuwahi kumtolea mbuzi mchanga. Mimi nimejaribu, natoa mbuzi kama mlango wa bati, ananihurumia. Njoo umtolee wewe. Njoo umwekee lori. Sikuambii uombe msamaha wa kofi lako, na langu nitalibeba mwenyewe, nimeshamwambia Darmi, naye akaniambia, "Nilijua lako, mama, lilikuwa laini," na hilo lilinichoma kuliko angenitukana. Nakuomba sauti. Unazo, hujazitumia, zinakuozea huko Nairobi.

Nimwambie Darmi unakuja ama nimwambie nini? Ameuliza mara nne. Yeye haamini kwamba utakasirika. Anadhani utafurahi kusikia uko kwenye TV.

Mimi nilikuwa nimekupangia kiti, nikwambie ukweli wote. Kile kibao bado ninacho, mguu mmoja umelegea. Nilikuwa nikuweke kati ya TV na ukuta, watu wa plot wote mbele yako wakikutazama wewe na kuona katuni, na wewe usikie tu. Nimeota hilo mchana na macho wazi, wallahi, nikiwa napima maziwa. Nikamwambia Darmi, nikidhani atacheka. Akasema, "Hapana mama. Anti akae mbele kabisa. Nataka kuona uso wake akisikia."

Nikamtazama nijue anasema kwa huruma ama kwa kulipiza. Sikujua. Alikuwa anatabasamu vile wewe hutabasamu.

Basi mbele ni kwako, na shemeji, na Yusuf akija, mwambie vijiko viko hapa, asibebe. Baba Darmi na watu wa Merti kushoto, Mwalimu Nkatha katikati na watoto wa plot. Kibao nitakalia mimi, kule nyuma. Nataka nisikie alivyosikia yeye.

Kaa salama, dada, na ukisoma hadi hapa usiniachie zile alama za buluu peke yake. Pilau naweka mimi, na sufuria nimezisugua, utaziona. Ni Jumamosi hii, watu wote, baada ya swala ya alasiri.

Mdogo wako wa tumbo moja, uliyemchekesha akiwa haoni,
Mama Darmi